Mwanamke Aliyeitwa Koleo

Fundi cherehani alikuwa na uhakika, na watu wenye uhakika ndio waliomchosha Inspekta kuliko wezi.

"Nimesikia kwa masikio yangu," alisema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Kila alfajiri. Puu, puu, puu. Ukuta wangu na wao ni mmoja. Mtu anapigwa upande wa pili, wewe ungesema nini?"

"Ulimsikia akilia?"

"Koleo hakuwa mtu wa kulia, afande."

Inspekta, mwanamke wa makamo asiyependa kukaa, alimtupia jicho Sajini aliyeziba mlango kwa mwili wake mkubwa. Sajini akainua mabega. Wote wawili walikuwa wamechoka na kesi hii, kwa sababu ilikuwa imekwisha na bado haikutaka kwisha.

Koleo alikuwa mke wa mwokaji mikate wa mtaa ule. Alikutwa amekufa juu ya magunia ya unga, kwenye stoo ya nyuma. Daktari aliyempasua alikuta mikono iliyojaa makovu ya moto, mbavu mbili zilizovunjika zamani zikaunga vibaya, na ulimi wenye alama za meno. Kilichomuua ni kidole tumbo kilichopasuka na usaha uliojaa tumboni kwa siku kadhaa. Daktari aliandika bila kumung'unya maneno: mwenye tumbo la namna hiyo hasimami wima, analia mpaka majirani wanakuja, kwa hiyo huyu alifungiwa, akanyimwa tiba. Mume naye akaapa kwamba asubuhi ya siku aliyokufa mkewe alikanda unga na kutaniana na wateja.

Mmoja wao alikuwa anadanganya, na kati ya daktari na mume wa mwanamke mwenye makovu kama yale, Inspekta hakuhitaji kupiga ramli. Alimtia mwokaji mahabusu. Binti yao mdogo, waliyemwita Punje, akampeleka nyumba ya watoto, maana naye alikuwa na makovu vidoleni. Mchana huu mwendesha mashtaka angekuja kuchukua jalada. Likiondoka kama lilivyo, mwokaji angesimama kizimbani kwa kuua, na Punje angekulia mikononi mwa watu asiowajua.

Kilichomrudisha Inspekta mtaani ni gauni. Lilikutwa chumbani kwa marehemu, jipya, pini zikiwa bado kiunoni. Sasa alilitoa kwenye mfuko akalitandaza juu ya meza ya fundi.

"Hili ulilishona lini?"

"Halijaisha hilo. Alikuja kulijaribu asubuhi ya siku aliyokufa, akasema anaenda nalo nyumbani, mumewe alione, atalirudisha..."

Cherehani ikanyamaza. Fundi mwenyewe alikuwa amesikia alichosema.

"Alikuja kwa miguu yake?" Inspekta aliuliza taratibu.

"Kwa miguu yake. Akasimama hapo uliposimama. Lilimbana tumboni, nikamtania, nikamwambia hongera, Punje anapata mdogo wake. Akacheka. Akasema si mimba, ni mkate. Alilalamikia baridi tu, na nje jua linawaka."

"Alishika tumbo? Alijikunja?"

"Hata." Fundi alilitazama gauni kama ndiyo kwanza analiona. "Nilimchoma pini, hapa. Mkono uliteleza. Iliingia sana, angalia, doa la damu hili. Mtu mwingine angenitukana mimi na ukoo wangu. Yeye akaendelea kunisimulia vituko vya Punje."

"Na hukuona ajabu?"

"Ndiyo maana tukamwita Koleo. Trei za moto alizitoa tanurini kwa mikono mitupu. Mtaa mzima unajua."

Mtaa mzima unajua, na hakuna aliyeona sababu ya kuiambia polisi. Inspekta alilikunja gauni kwa uangalifu, pini zisimchome.

Upande wa pili wa ukuta, tanuri lilikuwa baridi tangu mwenyewe akamatwe. Mkandaji wa unga, mwajiriwa wao wa pekee, alikuwa amekaa juu ya ndoo hana la kufanya. Inspekta alimwomba akande donge moja kama kawaida yao, kisha akamtuma Sajini arudi kwa fundi asikilize. Mkandaji alichanganya unga na maji, akaliinua donge juu ya kichwa na kulibamiza mezani. Puu. Akalikunja, akalibamiza tena. Sajini alirudi uso umemshuka.

"Ndiyo sauti yenyewe, afande. Tumemfunga mtu kwa kupiga unga."

"Hatujamfunga kwa hilo peke yake," Inspekta alisema, lakini hakulisema kwa nguvu.

Kando ya mdomo wa tanuri palining'inia saa ya kengele iliyofungwa kwa waya. Aliigusa. "Hii ya nini? Mwokaji mzoefu anajua mkate umeiva kwa pua."

"Ya Koleo hiyo," mkandaji alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Pua yake ilikuwa pambo. Mkate unaungua, moshi umetanda, sisi tunakohoa, yeye yupo hapohapo anaimba. Mumewe alipochoka kuuza makaa akamnunulia saa."

"Na mikono yake, mumewe aliisemaje?"

"Aliisifu. Wateja wapya wakija anamwita, 'Njoo uwaonyeshe.' Anasema, wenzangu wameoa wanawake, mimi nimeoa koleo." Tabasamu likamwisha. "Wewe huwezi kuelewa, afande. Mikono yetu waokaji hufa polepole, miaka na miaka, mpaka haisikii moto. Akija mtu na mikono iliyokwisha kufa, tunasema huyu kazaliwa na kazi. Ilikuwa sifa. Sote tulimwonea wivu."

Mama yake Koleo alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kanga mabegani, wanawake wa msiba wakizungumza kwa sauti ya chini chumba cha mbele. Inspekta alivua viatu, akakaa naye chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniambia ananyongwa lini?"

"Nimekuja kuuliza."

"Kuuliza nini tena? Ni mtoto wa kaka yangu yule. Mimi ni shangazi yake, nimembeba mgongoni. Mwanangu nilimpa mwenyewe, nikasema kwa mtoto wa mjomba wake hatateseka. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako." Alijifuta kwa pindo la kanga. "Mwambie sitaki kumwona, hata akiwa maiti."

Inspekta aliuacha uchungu upite kwanza. Kisha akasema, "Daktari anasema zile mbavu zilivunjika akiwa mtoto. Kabla hajaolewa."

Yule mama aliivuta kanga mabegani.

"Alianguka toka juu ya paa," alisema hatimaye. "Alipanda kufuata mpira. Akaanguka, akainuka, akaingia ndani akala."

"Mlimpeleka hospitali?"

"Kwa lipi? Hakulia."

"Na ulimi?"

"Alipoota meno aliutafuna. Tukasema ana njaa." Alianza kukunja pindo la kanga na kulikunjua. "Alikuwa mtoto wa ajabu, lakini mtoto ni wako, utamshtaki kwa nani?"

"Ulipomchapa, je?"

"Nani kakuambia nilimchapa?"

"Hakuna aliyeniambia, mama. Nami nina watoto."

Chumba cha mbele mtu alikohoa. Mama yake Koleo aliinamisha kichwa, na alipoongea, sauti ilikuwa ya mtu anayesoma kitu kilichoandikwa mbali.

"Dada zake nikigusa fimbo tu wamekwisha kulia. Yeye ananitazama. Nachapa, ananitazama. Nikasema hiki ni kiburi, nisipokivunja sasa kitamponza kwa mume. Nikaongeza. Sikutaka kumuumiza, afande, nilitaka alie. Alie kidogo tu nipate kuacha. Hakulia." Akavitazama viganja vyake. "Siku moja alilia. Ni mimi niliyeanza, nilichoka nikakaa chini nikalia, ndipo na yeye akalia, akanifuta machozi."

Inspekta alitaka kuinuka atoke nje, na hakuinuka. Kulikuwa na swali moja limebaki, nalo lilikuwa la kikazi, akashukuru kwamba lipo.

"Wewe na marehemu mumeo, baba yake Koleo, mlikuwa na udugu?"

"Binamu yangu. Sisi tanuri letu ni la babu. Tunaoana wenyewe kwa wenyewe lisitoke nje."

"Ahsante, mama."

"Kwa nini unauliza mambo ya zamani?" Mama yake Koleo alimshika mkono. "Kwani ni mimi niliyemuua?"

"Hapana," Inspekta alisema. Alikuwa karibu na uhakika kwamba ni kweli.

Daktari alimsikiliza akiwa ameegemea beseni la kunawia, hana furaha.

"Haiwezekani," alisema. "Nimeona tumbo lile kwa macho yangu. Mwanamume shupavu angelala sakafuni akimwita mama yake."

"Alisimama kwa fundi akijaribu gauni. Na fundi hampendi mumewe hata chembe, hana sababu ya kumwokoa." Inspekta alihesabu kwa vidole. "Pini haikumshtua. Trei hazikumuunguza, yaani zilimuunguza ila hakujua. Alianguka toka juu ya paa akaenda kula. Alitafuna ulimi wake mwenyewe. Alisikia baridi, homa ilikuwapo, lakini maumivu hayakuwapo. Na kitu kimoja sikielewi kinahusiana vipi: hakuwa anasikia harufu."

Daktari aliyekuwa anataka kupinga akafunga mdomo. Alivua miwani.

"Harufu? Tangu lini?"

"Tangu wamjue."

"Mungu wangu." Alivuta kiti akakaa. "Mtu wa namna hii nimemsoma tu, sijawahi kumwona. Na nilimwona, nikampasua, nisimjue."

"Nieleze kama unavyomweleza Sajini."

Sajini hakupinga. Kituo kizima kilikuwa bado kinamcheka kwa kuzimia siku ya chanjo, hata kabla sindano haijamgusa vizuri.

"Maumivu ni habari," Daktari alisema. "Ukichomwa kidole, seli za mshipa wa fahamu zinatakiwa kuipeleka habari kichwani. Kila seli ina vilango vidogo kwenye utando wake. Vikifunguka, chembe za chumvi zinaingia, umeme mdogo unawaka, habari inasafiri. Visipofunguka, kidole kinaungua na kichwa hakina habari. Namna ya kuviunda vilango hivyo tunairithi. Nakala moja kwa baba, moja kwa mama. Watu hatufanani. Wako wenye vilango vinavyofunguka kwa kuguswa tu, wanaumia kwa jambo ambalo mwingine halioni. Sajini, huenda wewe ni mmoja wao. Si woga, ni ulivyoumbwa."

"Andika hivyo kwenye karatasi, nikabandike kituoni," Sajini alisema, ila hakucheka.

"Na wapo wachache mno ambao nakala zote mbili zimeharibika. Kilango hakiundwi kabisa. Na kilango hichohicho ndicho kinachotumika puani. Asiyesikia maumivu kwa sababu hiyo hasikii na harufu." Alipangusa miwani iliyokuwa safi. "Niliandika kwamba mgonjwa wa hivyo lazima alie. Niliandika habari za watu wote, na yeye hakuwa mmoja wao. Ukoo unaooana wenyewe kwa wenyewe, nakala mbovu zinakutana kirahisi."

"Utabadilisha ripoti?"

"Damu iende maabara. Majibu yatachukua wiki nyingi."

"Mwendesha mashtaka anakuja leo."

Walitazamana. Ni Daktari aliyelisema, na alilisema akitazama chini.

"Kuna mtoto. Nakala moja mbovu anayo kwa mama yake, hilo halina mjadala. Kama na baba, aliye mtoto wa mjomba wa mkewe, amebeba moja, basi ni kama kurusha sarafu. Na umesema ana makovu vidoleni."

"Sitamchoma mtoto sindano ili nione kama atalia."

"Huhitaji. Mpe anuse."

Mlezi wa nyumba ya watoto alimleta Punje mpaka getini pa kituo. Walikuwa wamemvalisha gauni safi, soksi nyeupe na viatu vya msaada. Inspekta alimshika mkono, wakapita uani, wakapanda ngazi, wakafuata korido ndefu. Mtoto aliuliza maswali njia nzima, kwa nini mlango ule una vyuma, kwa nini yule ana bunduki. "Twende haraka, mama," Inspekta alimwambia, "baba anasubiri," na Punje akakimbia.

Mwokaji alikuwa ameketi katika chumba cha mahojiano, Daktari na Sajini wamesimama ukutani. Binti alimrukia shingoni. Inspekta aliwaacha hivyo, kisha akamwomba Sajini amtoe mtoto nje kidogo, akamweleza baba yake kila kitu, kilango, nakala, pini, kidole tumbo. Hakupunguza chochote, maana aliona ana deni la kutopunguza.

Mwokaji alisikiliza mpaka mwisho, viganja vikiwa juu ya magoti.

"Kwa hiyo aliniambia anasikia baridi," alisema, "nami nikamwambia akae karibu na tanuri."

"Usingeweza kujua."

"Nilikuwa nawaita watu waje watazame, afande. Mke wangu anaungua, mimi nawaita watu." Aliitazama mikono yake mikubwa yenye unga kwenye kucha. "Na Punje akishika trei nampigia makofi."

"Tunataka kumpima Punje. Vikombe viwili vilivyofunikwa kitambaa, kimoja kahawa, kingine maji ya moto. Aseme kahawa iko wapi. Tutabadilisha mara kadhaa. Wewe usimwonyeshe, hata kwa jicho."

"Akiipata?"

"Basi yeye ni mzima, Mungu ashukuriwe. Ila mimi nitakuwa sina cha kumwonyesha mwendesha mashtaka leo. Utakwenda mahakamani, tutasubiri maabara."

"Asipoipata?"

"Daktari anasaini maelezo mapya. Unatoka."

Mwokaji alilielewa hilo polepole, na Inspekta alimwona akilielewa. Aliinua kichwa.

"Basi aipate, afande," alisema. "Mimi niacheni ndani. Aipate."

Sajini alileta kahawa kali toka kantini. Chumba kizima kilinukia hata chini ya kitambaa, mpaka Daktari akameza mate. Punje alipandishwa kwenye kiti, akaambiwa huu ni mchezo. Alipenda sana. Aliinamia kikombe cha kwanza, akavuta pumzi kwa kelele kama alivyoona watu wazima wakifanya, kisha cha pili. Halafu akamtazama baba yake, apate jibu usoni.

Mwokaji alifumba macho.

"Hiki," Punje alisema, akagusa maji.

Inspekta alibadilisha. Akagusa maji tena. Akabadilisha, safari hii akapatia, na baba yake aliposikia Inspekta akisema "ndiyo" alishtuka akafumbua macho, mikono imeshikamana. Wakabadilisha tena. Mtoto alivuta pumzi mpaka kifua kikajaa, huku na huku, huku na huku. Mwisho akachoka na mchezo.

"Havina kitu," alisema. "Mnanidanganya. Vyote havina kitu."

Daktari alichukua kalamu akaenda kuandikia dirishani, akawapa mgongo. Sajini alifungua mlango wa korido, akauacha wazi kabisa, na mwokaji hakuinuka. Alikuwa analia bila sauti, mdomo wazi, na Inspekta, aliyewahi kutazama watu wengi wakilia katika kiti kile, alishindwa kumtazama.

Kisha mwokaji alijifuta uso, akapiga magoti mbele ya kiti cha binti yake. Alianza kumkagua. Alimfungua mdomo akatazama ulimi. Alimgeuza vidole kimoja kimoja, akakunja mikono ya gauni, akapapasa viwiko, tumbo, magoti, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea gizani. Punje alicheka, akadhani anatekenywa. Mwokaji akamvua kiatu cha kushoto, hakikuwa na neno. Akamvua cha kulia, na ndani yake, kisiginoni, palikuwa na msumari uliochomoza. Soksi nyeupe ilikuwa imelowa mpaka kwenye kifundo.

Inspekta aliikumbuka korido yote.

Punje aliinama akaitazama soksi mkononi mwa baba yake.

"Hiyo damu ya nani?" aliuliza.

"Yako, mama," mwokaji alisema. "Ni yako."